Dakika tano za kumnadi mgombea udiwani: nianzie wapi?

Mwana wa Njoro

Wakuu, habari za jioni.

Kata yetu hapa Moshi mjini ina uchaguzi mdogo wa udiwani. Kamati ya kampeni imeniangushia mimi kazi ya kumtambulisha mgombea siku ya uzinduzi. Nina dakika tano, uwanja wa wazi, nikishuka anapanda mwenyewe kuomba kura.

Wasifu wake: muuguzi mkunga, miaka 27 kazini, alianzia zahanati, akaenda kituo cha afya, akamalizia hospitali. Amestaafu. Mtaani alikuwa mweka hazina wa kamati ya ujenzi wa boma la zahanati, wananchi wakachanga hadi renta (mkanda wa zege juu ya kuta), halmashauri ikapaua na kumalizia. Amekaa kamati ya shule ya msingi vipindi viwili. Ni mlezi wa kikoba cha kina mama 30. Wengi wanamjua kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Mama Fulani, na watoto wanamwita Nesi.

Maswali yangu: nianze na taaluma au na kazi za jamii? Niseme yote au nichague? Na kuna mitego gani ya kanuni? Sitaki kupanda jukwaani nikasoma wasifu kama natangaza nafasi ya kazi.

Naomba kuwasilisha.

Mzee wa Itifaki

Mkuu, kwanza hesabu. Dakika tano za jukwaani si dakika tano. Nusu dakika inaliwa na kupokea maiki na salamu, dakika nzima inaliwa na vigelegele na watu wa mbele wanaokujibu. Zinabaki tatu na nusu. Kwenye uwanja wa wazi, ukiongea kwa kutua ili wa nyuma wasikie, unatoka na maneno kama 90 hadi 100 kwa dakika. Kwa hiyo andika maneno 350 na usivuke. Yasome kwa sauti ukiwa umesimama, saa mkononi. Kusoma kimoyomoyo umekaa kitini kunadanganya, unamaliza kwa nusu ya muda halisi.

Pili, usirudie kutaja wageni. MC ameshawataja. Kila mheshimiwa unayemtaja kwa cheo kamili anakula sekunde tano hadi nane. Wataje kumi na mbili, dakika imekwenda, na yule wa kumi na tatu uliyemsahau atanuna hadi siku ya kura. "Itifaki imezingatiwa" ilitungwa kwa ajili ya hali hii hasa.

Tatu, kuhusu taaluma au jamii kwanza: mimi naona swali limekaa upande. Anza na kero ambayo aliyesimama pale uwanjani anaijua, kisha mlete mtu. Ukianza na "alizaliwa mwaka fulani, akasoma shule fulani", watu wanaanza kutafuta kivuli.

Na methali moja inatosha. Isiwe "chema chajiuza". Kama chajiuza, wewe umepandishwa jukwaani kufanya nini?

Dada Karani

Naunga mkono hapo juu, ila naongeza jambo ambalo watambulishaji wengi hulikosa. Mambo uliyoorodhesha yanathibitisha kwamba ni mtu mwema. Hayajasema bado kwamba anaweza kazi ya udiwani. Hizo ni habari mbili, na kazi yako ni kuzifunga kamba moja.

Diwani anafanyia kazi wapi hasa? Anaongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata, ile tunayoiita WDC, na Mtendaji wa Kata ndiye katibu wake. Anakaa Baraza la Madiwani, ambako kila robo mwaka anawasilisha taarifa ya kata yake. Anapangiwa kamati za kudumu za halmashauri, mfano ile inayoshughulikia uchumi, afya na elimu. Na anarudi mitaani kusema kilichoamuliwa. Sasa chukua kila kitu cha wasifu ukifunge kwenye moja ya sehemu hizo:

Uweka hazina wa boma unaingia kwenye WDC. Pale ndipo miradi ya kata inapopangwa na michango ya wananchi inapofuatiliwa. Mtu aliyeshika daftari la michango, akatunza risiti za saruji na nondo, akasimama mbele ya mkutano wa mtaa kusoma mapato na matumizi, hiyo kazi ameshaifanya. Hili ndilo lako kubwa kuliko yote, liweke katikati na ulipe dakika nzima.

Uuguzi unaingia kwenye kamati ya kudumu. Usiseme tu "anajua afya". Sema anajua dawa zinavyoagizwa kutoka zahanati hadi Bohari ya Dawa, na oda inapochelewa anajua imekwama mezani kwa nani. Diwani anayejua hivyo anauliza swali ambalo mtaalamu wa halmashauri hawezi kulipindisha.

Kikoba kinaingia kwenye mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Vikundi vingi vinakwama kwenye katiba ya kikundi, usajili, akaunti ya benki na andiko la mradi. Kama amekisaidia kikundi chake kupita hatua hizo, sema. Kama hajafanya hivyo, kikoba kitaje kwa sentensi moja upite, au kiache kabisa.

Kamati ya shule ningeiacha. Si mbaya, ila hukuandika alichofanya mle zaidi ya kukaa.

Halafu usiahidi kwa niaba yake. Barabara za mitaa ziko TARURA tangu 2017, maji ya mjini ni MUWSA, umeme ni TANESCO. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyo chini ya diwani. Anaweza kuibana kwenye vikao, kuandika, kufuatilia, kuwaita waje wajieleze. Ukisema "huyu mama ataleta lami", mpinzani anapanda kesho yake anauliza kwa sauti ya upole, "kwa bajeti ipi?" Na mgombea ndiye atakayejibu, wewe utakuwa umeshashuka.

Mwana wa Njoro

Asanteni sana. Nimejaribu kuandika kipande cha katikati, nikosoeni bila huruma:

*"Ndugu zangu, nani hapa hajatibiwa na huyu mama? Nusu ya vijana mnaowaona uwanjani wamezaliwa mikononi mwake. Mama wa kijana yule pale anajua usiku ule alivyookolewa. Kwa miaka 27 ametumikia bila kuchoka. Ndiye aliyetujengea zahanati. Mama huyu ni msomi, siyo kama wengine ambao hata cheti cha kidato cha nne hawana. Mkimpa kura, dawa hazitaisha tena."*

Mzee wa Itifaki

Mtiririko mzuri, lakini kila sentensi ina mwiba.

"Mama wa kijana yule pale": futa leo hii. Aliyoyaona muuguzi chumba cha kujifungulia ni siri ya mgonjwa, na kustaafu hakuifungui. Hata mama mwenyewe akiwa radhi, mgombea wako ataonekana mtu anayetembea na habari za wodini. Kila mwanamke uwanjani atajiuliza yake itatajwa lini. Unaweza kusema miaka, vituo na cheo. Usiguse mgonjwa, ugonjwa wala uzazi wa mtu yeyote, hata kwa mafumbo. Na asijitokeze mtu wa kushuhudia alivyotibiwa, hata akijitolea.

"Nusu ya vijana": umeihesabu? Kila dai la namba liwe na karatasi nyuma yake. Miaka 27 ina barua ya ajira na ya kustaafu, hilo sema. Nusu ya vijana haina karatasi.

"Ametujengea zahanati": hapo ndipo utakapozomewa. Watu wamechanga, wamebeba mchanga, wametoka msaragambo, kazi ya pamoja ya kujitolea, asubuhi wakiacha vibarua vyao, halafu unampa mtu mmoja. Sema: "Boma mlilijenga ninyi. Yeye ndiye mliyemkabidhi fedha zenu, na hesabu mlisomewa." Sentensi hiyo inampa sifa zaidi ya ile ya kwanza, na inawapa watu haki yao. Ila kabla hujaisema, nenda ofisi ya mtaa uombe kuona muhtasari wa mkutano uliosomewa hesabu. Uone tarehe na jumla kwa macho yako. Kama hesabu hazikusomwa, acha, maana yuko mtu anayekumbuka.

"Cheti cha kidato cha nne": sheria inamtaka diwani awe raia, awe ametimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na adhaminiwe na chama. Haidai cheti. Ukimcheka asiye na cheti umewacheka wapiga kura wako wengi waliosimama pale na jua lao. Tena ukianza kumchokonoa mpinzani kwenye utambulisho, unaharibu dakika za mgombea wako kumzungumzia mtu mwingine.

"Dawa hazitaisha": Dada Karani ameshalijibu.

Kiusa Kwetu

Jamani, mbona hakuna aliyegusa jina? Kwenye karatasi ya kura hakuna "Mama Fulani" wala "Nesi". Kuna jina lililo kwenye fomu ya uteuzi, picha, jina la chama na nembo. Huku kwetu mwanamke anaweza kuishi mtaa mmoja miaka thelathini na watu hawajui jina lake la kuzaliwa. Wanaingia kituoni wakimtafuta Mama Fulani, wanakuta majina ambayo hawayatambui, wanabahatisha.

Kwa hiyo jina la mtaani litaje mara moja mwanzoni ili watu waunganishe, baada ya hapo tumia la kwenye fomu tu. Litaje mara nne au tano, likiwa kamili na kwa mpangilio uleule. Picha ya bango iwe ileile ya kwenye fomu au inayofanana nayo kwa kilemba, miwani na umri. Bango lenye picha ya harusi ya mwaka 1998 halimsaidii mtu.

Na uwakumbushe: wanaopiga kura ni walioandikishwa ndani ya kata hii. Jirani aliyejiandikisha kata nyingine atashangilia sana uwanjani na hatakuwa na kura.

Dada Karani

Hilo la jina ni kubwa, nilisahau kabisa.

Kwenye kanuni, yanayokuhusu wewe mtambulishaji ni haya. Mkutano uwe kwenye ratiba iliyokubaliwa kwa msimamizi msaidizi wa uchaguzi wa kata, na polisi wawe na nakala. Kampeni mwisho saa 12 jioni, si saa 12 na robo. Usitumie nyumba ya ibada, na usisome tangazo la kampeni kwenye jumuiya ya kanisa hata kama mwenyekiti wa jumuiya ni shemeji yako. Kabila, dini na jinsia visiwe sababu ya kuchagua wala ya kukataa. "Ni mwenzetu wa Kibosho" ni sentensi fupi inayoweza kuwapeleka kamati ya maadili.

Na mbege, pombe yetu ya ndizi. Kuna watu wanaona mtungi kabla ya mkutano ni ukarimu wa kawaida tu. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inakataza kuwapa watu chakula, kinywaji au zawadi ili kuwashawishi kupiga kura. Kama kuna jirani mwenye kilabu karibu na uwanja, ahakikishe wanywaji wananunua kwa fedha zao na hakuna aliyevaa sare za kampeni anayelipia.

Lugha: hotuba iwe ya Kiswahili. Salamu ya Kichagga ya "shimbonyi" inapendeza, lakini kata za mjini kama Njoro, Pasua au Majengo zina Wachagga, Wapare, Wasambaa, Warangi na wengine tele. Hata kwa Wachagga wenyewe, salamu ya Machame si ya Rombo. Salimia kwa lugha mbili tatu au baki na Kiswahili. Ukisalimia kwa moja tu umeshawagawa watu kabla hujamtaja mgombea.

FundiSpika

Mnaongea maneno, mimi naongea mitambo. Utambulisho mzuri usiosikika ni sawa na haukuwepo.

1. Spika zikae mbele ya msemaji, pembeni kushoto na kulia, zikitazama watu. Maiki ikisimama mbele ya spika inapiga mlio. Watu wengi huongeza sauti wakidhani ndiyo dawa, kumbe ndiyo ugonjwa. Punguza sauti kwenye mixa, sogea nyuma ya spika.

2. Jenereta iwe nyuma ya jukwaa, mita 25 hadi 30, upande ambako upepo unaelekea ukitoka kwa watu, moshi usiwarudie. Ijazwe mafuta kabla ya mkutano. Kuzima katikati ili kujaza kunakula dakika kumi na watu wanaondoka. Kumwaga petroli kwenye injini ya moto ni hatari, usimruhusu mtu.

3. Maiki isiyo na waya iwe na betri mpya, na maiki ya waya iwe tayari mezani imeshachomekwa. Ishike upana wa vidole vinne kutoka mdomoni. Usifunike kichwa chake kwa kiganja kama wasanii, sauti inaziba na mlio unaanza.

4. Kama mmeweka spika nyingine nyuma mita 100, sauti ya mbele inawafikia watu wa huko karibu theluthi moja ya sekunde baadaye. Wanasikia kila neno mara mbili. Ongea taratibu, tua mwisho wa sentensi. Ukikimbia, majina ndiyo yanayopotea kwanza.

5. Muziki uzimwe kabisa kabla hujashika maiki. Usipunguzwe, uzimwe. Mwambie mtu wa mixa kabla, siyo kwa ishara za mikono ukiwa juu.

6. Jukwaa liutazame mlima au liupe mgongo. Yaani kaskazini au kusini. Mkutano wa alasiri ukilitazamisha magharibi, jua linampiga mgombea usoni anakunja uso kwenye kila picha. Ukilitazamisha mashariki, wananchi ndio wanaokunja uso.

Mwana wa Njoro

FundiSpika umenimaliza, hilo la mlima sikuliwaza kabisa.

Kuna ubishi kwenye kamati. Wengine wanataka nisitambulishe mimi, aletwe mheshimiwa kutoka nje ya kata, wanasema ataongeza uzito. Mnasemaje?

Mzee wa Itifaki

Mheshimiwa wa nje ana kazi nyingine: kusema chama kiko nyuma ya mgombea. Hiyo aifanye baada ya mgombea, au siku ya kufunga. Utambulisho apewe mtu aliyekaa naye kamati moja, kwa sababu dai la "hesabu zilisomwa" lina nguvu likisemwa na aliyekuwepo. Mtu wa nje ataomba karatasi nusu saa kabla, atataja jina la mtaa vibaya, na atakula dakika ishirini.

Kiusa Kwetu

Mimi sikubaliani asilimia mia. Kama mtambulishaji wa ndani ni ndugu wa mgombea au ana deni kwenye kikoba hichohicho, mtaa unajua, na kila sifa itapunguzwa bei. Hapo bora wa nje asiye na doa, apewe maneno 200 yaliyoandikwa. Mwana wa Njoro, wewe si ndugu yake?

Mwana wa Njoro

Si ndugu. Nilikuwa katibu wa kamati ya boma. Mihtasari niliandika mimi.

Mzee wa Itifaki

Basi ubishi umekwisha, ungelitaja hilo tangu mwanzo. Jitambulishe hivyo hivyo kwa sentensi moja, "nilikuwa katibu, yeye mweka hazina", kisha usijizungumzie tena.

Mpangilio wa maneno 350 ningeugawa hivi: salamu na wewe ni nani, 30. Kero moja ya kata, 60. Boma, daftari na hesabu, 120. Uuguzi na swali atakalouliza kwenye baraza, 80. Zinabaki 60 za jina, nembo na kumkaribisha. Kikoba kikikosa nafasi, mgombea atakitaja mwenyewe, kina mama 30 watakuwa palepale mbele na vitenge vyao.

Dada Karani

Na saa upange kwa kurudi nyuma. Mwisho saa 12. Mgombea amalize saa 11 na nusu, ili watu watawanyike na vyombo vizimwe bila kugombana na askari. Anahitaji dakika 35 hadi 40. Wewe uwe na maiki saa 10:45, kuchelewa kokote kunatoka kwa MC na vikundi vya ngoma. Mwambie MC sasa, siyo siku hiyo. Vikundi viwili vya burudani vinatosha, vikiwa vinne utapanda saa 11 na nusu ukiwa na dakika moja.

Tengeneza pia nakala ya ukurasa mmoja wa wasifu: jina la kwenye fomu juu kabisa, miaka na vituo vya kazi, nafasi alizoshika mtaani na mwaka wa kuanza na kumaliza. Wape mabalozi na MC. Mwaka usiokumbukwa vizuri usiandikwe. Tarehe moja ikikosewa, watu wanaanza kutilia shaka na zilizo sahihi.

Mwana wa Njoro

Naandika upya usiku huu. La mwisho: namkabidhi vipi? Nimwite kwanza ndipo nimalizie, au?

FundiSpika

Asimame chini ya ngazi, upande wako, wakati unaanza kero ya kwanza. Apande ukiwa kwenye sentensi ya uuguzi, asimame hatua mbili nyuma yako, mbali na spika. Neno lako la mwisho liwe jina lake kamili kama lilivyo kwenye karatasi ya kura. Ukilitaja, mpe maiki ikiwa imewashwa, usiizime na kuiwasha tena, shuka upande wa pili. Usiseme "karibu sana mama, karibu, karibu" huku umeshikilia maiki na yeye amenyoosha mkono.

Kiusa Kwetu

Na vigelegele viachwe viishe vyenyewe, mgombea asianze kuongea juu yavyo. Sekunde kumi hivi.